Nakala Safi ya Mke Wangu

Jumatatu, 18 Machi

Daktari ametaja tarehe: 14 Mei. Siku hiyo mke wangu atatolewa zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni, kwa sababu uvimbe ulioota humo hauna dawa nyingine. Ataishi. Atakula, atatembea, atasuka nywele za watu kama alivyozisuka kwa miaka thelathini na saba. Hatasema.

Tulipotoka chumbani mwa daktari aliniambia, "Haya Mwalimu, umeshinda. Sasa utapata nafasi ya kumaliza sentensi zako." Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Jumatano, 20 Machi

Binti yetu alipiga simu kutoka huko anakofanya kazi. Alilia kidogo, kisha akajikaza.

"Baba, mrekodi mama. Simu yake ni ya vitufe, hajawahi kunitumia hata ujumbe mmoja wa sauti. Sina kitu. Mrekodi akiwa saluni, akipiga soga na wateja wake. Na ile ya nusu kichwa usiisahau."

Hadithi ya nusu kichwa ni ya mteja aliyekuwa akisukwa, akasikia honi ya basi, akakurupuka na kukimbia hali kichwa kimesukwa upande mmoja tu. Mke wangu akifika hapo huanza kucheka, na akianza hawezi kuendelea. Hakuna mtu, hata mimi, aliyewahi kuusikia mwisho wake.

Nilimwahidi binti yetu kwamba kazi hii itafanywa ipasavyo. Nilifundisha lugha kwa miaka thelathini na minne. Najua kazi iliyofanywa ipasavyo inavyokuwa.

Ijumaa, 22 Machi

Nilikwenda kwa yule jirani anayerekodi harusi. Watu humwita Kimya, kwa kuwa kabla ya kuwasha kamera hupiga kelele "Kimyaaa!" hata ukumbi ukiwa tayari umetulia. Ni mtu mzima, mwenye kitambi, na chumba chake kimejaa nyaya.

"Shikamoo Mwalimu. Karibu, ila angalia mguu. Ukiukanyaga huo waya, bwana harusi wa Jumamosi atabaki hana kichwa."

Nilimweleza shida yangu. Aliacha mzaha mara moja. Aliweka kamera mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya sinema: nzito kama tofali, lenzi yake ni ya kufunga na kufungua, na hurekodi picha ambayo Kimya huiita mbichi, maana haijabanwa wala kupunguzwa. Kila unywele huonekana. Lakini kadi yake hujaa kwa dakika ishirini na mbili. Ya pili ilikuwa ndogo, haina makuu, na huweza kurekodi kutwa nzima.

"Ipi bora?" niliuliza.

"Bora kwa kazi gani?"

"Bora."

Alijikuna kisogo. "Mwalimu, mama anatakiwa asikike. Ningekuwa wewe ningechukua hii ndogo, niitege pembeni ya saluni, nisahau kama ipo. Na yeye akisahau, hapo ndipo utampata."

Nilimwambia kwamba hati ya kudumu haiandikwi kwa penseli. Nikachagua ile kubwa. Alinipa kadi mbili, stendi ya miguu mitatu, betri nne, na kompyuta yenye programu ya kuhariri. Alitaka pia kunipa diski mbili za kuhifadhia. "Kazi ambayo haijakaa mahali pawili," alisema, "hiyo haipo." Nikamjibu kwamba diski moja yatosha, kwa kuwa sina nia ya kuhifadhi takataka.

Jumamosi, 23 Machi

Kimya alikuja kunifundisha. Saluni ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: viti viwili, kioo kirefu, kabati la mafuta ya nywele, bati tupu juu bila dari. Mke wangu alipojiona kwenye kioo cha kamera alishtuka, kwa sababu picha mbichi haina rangi, ni ya kijivujivu.

"Mume wangu, mbona umeshaniosha na kunivisha sanda?"

"Hiyo mbichi, mama," Kimya alisema. "Haijapikwa. Rangi tutaitia mwishoni."

"Basi msiniunguze."

Kabla ya kuondoka Kimya alimwachia mke wangu kidude cheusi chenye ukubwa wa sabuni ya kipande, wakazungumza wao kwa wao wakicheka. Kikawekwa kabatini kati ya chupa. Sikukijali. Maikrofoni yangu imefungwa juu ya kamera.

Jumatatu, 25 Machi

Siku ya kwanza ya kurekodi. Nilifunga mlango ili wateja wasiingie. Nilimwomba asisuke huku akisema, maana mikono yake hupita mbele ya uso na vitana hugongana. Akaketi, mikono mapajani. Nilikuwa na maswali kumi na mawili, yameandikwa.

"Kazi ya ususi uliianza mwaka gani?"

"Eeh, sasa hapo... ngoja. Mwaka ule wa, nani hii, lile lori lililoingia kwenye duka la vyombo. Wee, si unakumbuka? Si ulikuwepo?"

"Usiniulize mimi. Jibu kwa sentensi kamili. Rudia."

"Nilianza ususi... Jamani Mwalimu, hiyo mashine inanikodolea macho kama mkwe anayetafuta kasoro."

"Rudia."

Ilituchukua saa nzima kupata majibu mawili. Kisha nikamwomba hadithi ya nusu kichwa. "Sasa huyo dada nimeshamsuka upande huu, huku bado msitu mtupu. Mara honi, pooo! Kainuka na taulo langu shingoni..." Akaanza. Akapiga paja, akafumba macho, akainama mpaka akatoka ndani ya picha. Nilihangaika kuirudisha lenzi kwenye uso wake. Nikasimamisha kamera. Nilimwambia kwamba hadithi isiyo na mwisho si hadithi.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Bati linavuma kama ngoma, hakuna kinachosikika. Hatukurekodi.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Nimezihesabu siku zilizobaki: arobaini na saba.

Jumanne, 2 Aprili

Jua lilitoka saa tatu mpaka saa sita. Kadi zote mbili zilijaa, na ile diski moja inaelekea kujaa pia. Nimejiwekea utaratibu. Kila jioni, kabla ya chakula, natazama majibu yote, nachagua moja lililo sahihi kwa kila swali, naliweka kwenye diski, kisha nafuta mengine yote na kuisafisha kadi. Ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu: andika rasimu, isahihishe, nakili upya kwa mwandiko mzuri, kisha rasimu uichane. Anayehifadhi rasimu hana imani na nakala yake safi.

Tangu tuanze nimefuta dakika tisini na sita. Nilijisikia vizuri, kama mtu aliyefagia uwanja.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Nilikaa chumba cha nyuma nikisoma kitabu cha maelekezo ya kamera. Saluni ilikuwa imejaa wanawake. Kwa mvua na vicheko sikuelewa hata ukurasa mmoja.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimeupata mwisho wa hadithi ya nusu kichwa.

Ilikuwa mara ya saba. Mara tatu za mwanzo alicheka. Ya nne alikohoa. Ya tano alisema, "Mwalimu, koo limekauka." Nikampa maji. Ya sita alikosea akasema mteja alivaa shuka badala ya taulo. Mara ya saba alitazama lenzi moja kwa moja na kusema yote, polepole, bila kucheka, kama mtu asomaye tangazo:

"Mteja yule alikimbilia basi hali nimemsuka nusu ya kichwa. Hakurudi siku hiyo wala mwaka huo. Baada ya miaka miwili aliingia saluni, akaketi kwenye kiti kilekile, akanirudishia taulo langu, akauliza, 'Tulifika wapi?'"

Mimi ndimi niliyecheka. Yeye aliuliza kama anaweza kunyanyuka.

Nimeihifadhi ya saba. Zile sita nimezifuta.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua kubwa, tangu asubuhi. Nilitoka mara kadhaa kuziba bati linalovuja, nisije nikaharibikiwa na kamera. Muuza maziwa, ambaye ni shoga wa mke wangu tangu ujana, alishinda saluni akisukwa. Kila nilipopita mlangoni walinyamaza, kisha nikiondoka wanacheka. Tabia za kitoto.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Sauti yake imeanza kukwaruza. Maneno ya mwisho wa sentensi yanamezwa. Nimeyafuta majibu yote ya leo na ya jana, kwa sababu hayalingani na yale ya Machi. Msikilizaji atadhani ni watu wawili.

Ijumaa, 3 Mei

Nahariri. Ni kazi inayonifaa kuliko nilivyodhani. Sauti huonekana kwenye kompyuta kama milima na mabonde, na mtu akishazoea hutambua kwa jicho: kilima kidogo kilicho peke yake ni "eeh", vilima vinavyofuatana ni kikohozi, bonde refu ni pale anapotafuta neno. Nakata, naunganisha. Nimetoa "eeh" mia mbili na kumi. Nimetoa "nani hii" zote. Alipoanza jambo moja akarukia jingine, nimelirudisha mahali pake. Sasa anasema kama kitabu.

Kimya alipita. Alisimama nyuma yangu akatazama dakika tano nzima bila mzaha, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umekata vizuri, Mwalimu. Huoni hata mshono." Kisha akasema, "Ile mbichi unayo lakini?"

Nikamjibu kwamba nakala safi ipo.

"Hata pumzi umemtoa," alisema, akaenda zake.

Jumatatu, 13 Mei

Hakuna mvua. Tangu Machi sijaona mwanga mzuri kama wa leo. Uliingia dirishani ukatua begani mwake. Nilitega kamera mapema, maana swali la kumi na mbili lilikuwa limebaki.

Mke wangu aliingia amevaa gauni lake la kitenge cha bluu. Hakuketi kwenye kiti cha kurekodia. Aliketi kwenye kile cha wateja, akaniashiria niketi kwenye kile cha pili.

"Leo zima hiyo mashine, mume wangu. Njoo tukae. Tuzungumze tu."

Sauti ilikuwa kama karatasi inayochanwa. Nilimwambia kwamba mwanga huu hautakaa, kwamba swali ni moja tu, na kwamba baada ya hapo tutazungumza mpaka tuchoke. Alinitazama kupitia kioo. Akanyanyuka, akahamia kwenye kiti cha kurekodia, akaweka mikono mapajani.

Swali la kumi na mbili lilikuwa: "Una neno gani kwa wanaokuja baada yako katika kazi hii?" Alijibu kwa sentensi mbili kamili, bila kosa hata moja, mara ya kwanza.

"Vizuri sana," nilimwambia.

Nikahangaika na ukosi wa gauni lake, ambao ulikuwa mweupe mno kwenye picha. Nilipomaliza, dada zake walikuwa wamefika kumsaidia kufunga begi la hospitali. Hatukuzungumza.

Jumanne, 14 Mei

Amefanyiwa upasuaji. Yu hai.

Jumamosi, 25 Mei

Amerudi nyumbani. Ana tundu dogo shingoni la kupumulia, amelifunika kwa kitambaa chepesi. Nimemtafutia ubao mdogo na chaki. Neno la kwanza aliloniandikia ni *Chai*. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Sikuwa na la kusahihisha, nikashangaa kwamba nililitafuta.

Nyumba ina utulivu nilioudai kwa miaka thelathini na saba.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua za mwisho, nyepesi. Leo nilionyesha filamu. Nimeitia rangi mwenyewe: kitenge ni cha bluu, ngozi ni ngozi, ukosi hauchomi macho. Dakika thelathini na nne. Walikuwapo dada zake wawili, muuza maziwa, na Kimya. Binti yetu nilimtumia tangu jana.

Ilipokwisha, dada zake walisema ni nzuri. Walisema kwa adabu, kama watu wanaosifu picha ya mtoto wa mgeni. Muuza maziwa alikuwa akitazama sakafu. Mke wangu alichukua ubao, akaandika, akanigeuzia mimi peke yangu:

*Huyu nani?*

Nilidhani ananitania, kwa kuwa hutania. Nilimtazama usoni. Hakuwa akitania.

Jioni binti yetu alipiga simu. Alishukuru. Akasifu picha. Kisha akasema, "Ya nusu kichwa nimeiona, Baba. Kumbe ina mwisho."

"Nimeupata kwa shida," nilisema.

"Kicheko kiko wapi?"

Nilimweleza kwamba kicheko kilikuwa kikiikata hadithi. Akasema, "Ndicho nilichokuwa nakitaka, Baba. Hadithi yenyewe ningeishi bila kuijua." Akaomba nimtumie zile zisizohaririwa. Nikamwambia mtandao ni mbaya leo. Katika umri wangu, nilimdanganya mtoto wangu.

Jumapili, 2 Juni

Nimeifungua diski na kuipekua yote. Kisha kadi zote mbili. Nilijua hakuna kitu. Nilipekua tena.

Jumatatu, 3 Juni

Baada ya chai nilimwambia mke wangu. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema, "Nilifuta. Kila ulipokosea, nilifuta. Kila ulipocheka, nilifuta. Yamebaki yale niliyoyataka mimi."

Alikuwa akisuka nywele za mtoto wa dada yake, na vidole havikusimama. Alipomaliza msuko ule alifuta mikono, akachukua chaki.

*Nenda kwa Kimya.*

Jumanne, 4 Juni

Kimya hakuonyesha kushangaa. "Nilikuwa nakungoja, Mwalimu. Nilitaka kuja mwenyewe, mama akanikataza. Ameniandikia kwamba utakuja kwa miguu yako."

Kile kidude cheusi nilichokipuuza kilikuwa kinasa sauti. Kimya alikuwa amemwagiza mke wangu: ukifungua saluni bonyeza chekundu, ukifunga bonyeza tena. Kila siku, kwa wiki saba, alikibonyeza mwenyewe. Kila Jumamosi Kimya alipita kwa mke wangu akachukua yaliyomo na kuyaweka kwenye diski zake, mahali pawili. Picha hazimo. Sauti imo yote: siku za kurekodi, na siku zote za mvua ambazo daftari hili lina neno moja tu.

Alinivalisha vipokea sauti vya masikioni, tukakaa mpaka adhuhuri.

Niliyesikika kwanza ni mimi. Sikujua kwamba sauti yangu iko hivyo. "Rudia." "Rudia." "Sentensi kamili. Rudia." Nilianza kuhesabu, nikaacha nilipofika sitini, na bado tulikuwa Aprili mwanzoni. Na kila mara, baada ya neno hilo, husikika pumzi moja fupi ya mke wangu, kisha anaanza upya. Pumzi hizo ndizo nilizokuwa nikizikata.

Kisha Kimya akasema, "Sikiliza hii ya tarehe 16. Mama aliniambia ukija nikupe hii."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Chini yake, muuza maziwa anasema, "Eti kakurudisha mara saba? Na wewe shoga unakubali tu, kama kasuku?"

Na mke wangu: "Mwache, bwana. Yule akikosa cha kusahihisha ataanza kuogopa. Na mimi naogopa pia. Basi tumegawana kazi, yeye asahihishe, mimi niogope. Eeh... geuza kichwa, nani hii, huku kwenye mwanga."

Wakacheka wote wawili. Ndipo ikasikika sauti ya mlango, na kicheko kikakatika. Huyo ni mimi, napita na nyundo.

Nilivua vile vipokea sauti. Kimya alijishughulisha na waya usiokuwa na tatizo lolote. Baadaye alisema, "Naweza kukutoa humo, Mwalimu. Zile 'rudia' zote. Ni kazi ya wiki moja, asibaki mtu ila mama."

"Usikate kitu," nilimwambia. "Hata mimi usinikate."

Nikamwomba amtumie binti yetu yote, kama yalivyo. Kisha nikaenda kumpigia simu kumwambia ukweli kuhusu mtandao.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna mvua. Nadhani zimekwisha.

Kimya alileta spika, akaiweka juu ya kabati la mafuta ya nywele. Mke wangu aliketi kwenye kiti cha wateja, mimi kwenye kile cha pili, kama alivyotaka tuketi tarehe 13 Mei. Kimya hakupiga kelele zake. Alibonyeza tu.

Ilikuwa tarehe 25 Machi. "Sasa huyo dada nimeshamsuka upande huu, huku bado msitu mtupu. Mara honi, pooo! Kainuka na taulo langu shingoni..." Na kicheko kikaja, kikajaa chumba, kikapanda, kikakosa hewa, kikaanza tena.

Nilimgeukia. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Alipiga paja. Alifumba macho na kufungua kinywa, akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti, na haikutoka sauti yoyote ila hewa kwenye kile kitambaa cha shingoni. Uso huo niliwahi kuwa nao kwenye picha, wazi kabisa, kila unywele ukionekana, kwa kamera iliyo bora kuliko zote. Nilikuwa nahangaika na lenzi. Sasa sauti inatoka juu ya kabati na uso uko kwenye kiti, na aliyevitenganisha ni mimi.

Spika ikasema kwa sauti yangu, "Hadithi isiyo na mwisho si hadithi."

Kimya aliizima. Mke wangu alijifuta machozi kwa kiganja, akachukua ubao. Nilidhani ataniandikia neno la kunilaumu, au la kunisamehe, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Aliandika kwa herufi kubwa, akanigeuzia, mabega yakianza tena kutikisika:

*Tulifika wapi?*

Nikamwomba Kimya airudie.